Ua wa Nyumba, Ua la Masika

(Hotuba kwa wakazi wa mtaa wetu, Makorora, Tanga, Jumamosi ya mwisho ya Februari, chini ya mwembe wa shule ya msingi)

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu, wazee wangu shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi wanangu mlioketi mbele kwenye mikeka: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Wengi wenu mnanijua kwa jina la bibi shamba. Kwa miaka 31 nilizunguka na baiskeli, toka Pongwe hadi Tongoni, nikiwaeleza watu nafasi ya kupanda mihogo, namna ya kumtambua mdudu wa mahindi, lini wapalilie, lini wavune. Katika miaka hiyo yote hakutokea mtu akaniuliza habari za maua, wala mimi sikumwambia mtu. Tuliyaona ni mambo ya wenye nafasi. Nilipostaafu ndipo nilipopata muda wa kukaa mbele ya nyumba yangu nikaitazama, na nilichokiona kiliniuma. Nimeomba kusimama hapa leo kabla masika hayajaingia, kwa sababu nitakayoyasema yana siku zake, na siku zenyewe ni hizi.

Kiswahili chetu kina neno moja, ua. Ukilitamka mbele ya nyumba, laweza kuwa ule wigo wa makuti unaoizunguka nyumba, na laweza kuwa lile linalonukia. Wingi ndio unaoyatenganisha: nyua na maua. Bibi zetu waliyaweka pamoja. Asumini na mrehani viliota uani, karibu na kisima na jiko, mahali pa akina mama. Alasiri matumba ya asumini yalichumwa kabla hayajafunguka, yakatungwa pamoja na mrehani na vipande vya mkadi, kikapatikana kikuba cha kubandika nyweleni au kifuani. Mbele ya nyumba palikuwa pa baraza, pa wazee, pa kahawa na bao. Palifagiwa asubuhi na jioni, mistari ya ufagio ikaonekana, na hapakupandwa kitu.

Sasa hiyo mbele yenyewe imebadilika. Nyumba mpya nyingi hazina baraza. Kuna ukuta, kuna geti, na kati ya geti na mlango kuna kiwanja kidogo, hatua sita kwa nane, pengine pungufu. Hicho kiwanja tunakifanya nini? Wengine tunakiacha mchanga mtupu, kuku wakaoga vumbi. Wengine tunakimwagia zege au tunakitandika pevingi toka ukuta hadi ukuta, tukaona tumemaliza usafi. Halafu jua la mwezi wa pili likipiga, joto linapanda toka chini na kuingia ndani hadi saa tano ya usiku. Na masika yakija, maji hayana pa kuzama. Yanatafuta mlango. Mwaka juzi yaliingia sebuleni kwangu, nami nikasimama na ndoo toka alfajiri hadi adhuhuri. Sikumlaumu mtu, kwa maana pevingi niliyatandika mimi mwenyewe. Mvua zilipokatika nikamwita fundi, akayang'oa nusu nzima ya uwanja, na udongo ukapata hewa tena.

Wanangu, uwanja wa mbele si mahali pa kupita tu. Bi harusi hutokea hapo. Jeneza hutokea hapo. Mtoto akitoka hospitali akiwa na siku mbili, hapo ndipo jua la nyumbani linapomgusa kwanza. Marehemu mama yangu alipofariki ilikuwa Aprili, turubai likafungwa mbele ya nyumba, wakaketi jamaa na majirani kwenye mikeka na viti vya kukodi. Pembeni, kando ya ukuta, palikuwa na amarilisi nne alizozipanda yeye, na siku ile ya tatu zilikuwa zimefunguka zote, nyekundu, kila bua na maua yake manne. Sikuzipanga, wala hakuna aliyezimwagilia juma lile. Nilimwona mama mmoja asiyenifahamu, aliyekuja kuhani, akinyoosha mkono na kuligusa jani taratibu huku anaongea na mwenzake. Siku ile nilielewa alichokuwa akikifanya mama miaka yote ile, nami msomi wa kilimo nilikuwa nikimwona anacheza.

Basi amarilisi ni ua la tunguu, na maua ya tunguu ndiyo niliyokuja kuyazungumzia.

Tunguu ni nini? Nimekuja na kitunguu maji cha sokoni na kisu. Mwalimu, nisaidie kukiinua wakione walio nyuma. Nakikata kwa wima, toka shingo hadi kitako. Haya magamba meupe yaliyofunikana ni majani. Ni majani yaliyonenepa kwa sababu yamejaa chakula: mmea ulipokuwa kijani ulitengeneza sukari kwa jua, ukaishusha huku chini na kuiweka akiba. Hiki kitako kigumu ndicho shina lenyewe, fupi kama kifungo cha shati. Na hapa katikati pana kichipukizi kimelala, kimefunikwa kama mtoto kwenye khanga. Kwenye amarilisi, ukilikata tunguu namna hii wakati wa kiangazi, utalikuta ua limeshaumbwa ndani, dogo, linangoja. Kwa hiyo ukipanda tunguu lililonona hupandi matumaini. Unapanda ua ambalo tayari lipo.

Linangoja nini? Jibu la swali hilo lilinichukua miaka miwili, na nililipata kwa njia ya tulipu.

Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi melini. Mwaka mmoja meli yao ilitia nanga Rotterdam mwezi wa kumi, akanikumbuka shangazi yake ninavyohangaika na bustani, akaninunulia mfuko wa matunguu 20 ya tulipu. Juu ya mfuko palikuwa na picha: uwanja wa mbele wa nyumba ya Uholanzi, umejaa vikombe vyekundu na vya manjano, mpaka macho yanauma kwa uzuri. Yalinifikia Desemba. Nikayapanda juma lile lile, kwa vipimo vyote, udongo laini na samadi iliyooza vizuri. Baada ya majuma matatu yakatoka majani mawili mawili, membamba, ya rangi ya kuchoka. Februari yakaungua. Nikafukua. Matunguu yalikuwa yameoza, yananuka.

Nikaanza kusoma na kuuliza. Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, kwenye baridi kali na theluji. Toka huko ilishuka hadi kwa Waturuki, na mwishoni mwa karne ya 16 ikafika Uholanzi. Wenyewe huipanda Oktoba au Novemba, ardhi ikiwa inapoa. Tunguu linalala chini ya baridi kwa majuma 12 hadi 16, chini ya digrii 10, na ndani ya baridi hiyo ndipo kichipukizi kinapojiandaa. Bila baridi, bua halirefuki. Hapo jua linaporudi, Machi na Aprili, katika majira wanayoyaita machipuko, linaamka.

Mwaka uliofuata kijana akaniletea mfuko mwingine, nikasema nitaifanyia tulipu baridi ya kuazima. Nikayaweka matunguu kwenye friji, chini kabisa, majuma 14. Lakini friji ni ya nyumba nzima, na ule ulikuwa msimu wa maembe. Nilipoyapanda, matumba yalitokeza yamekauka ndani ya ganda lake. Nikaja kujua kwamba tunda linaloiva hutoa hewa fulani, etilini, na hewa hiyo huliua ua la tulipu likiwa bado tumboni mwa tunguu. Maembe yangu ndiyo yaliyofanya kazi hiyo usiku na mchana. Na hata kama yangesalimika, udongo wa Tanga wa mwezi wa tatu ungeyapika. Sisi hata Julai, kwenye kipupwe tunapotafuta shuka la pili, usiku wetu hauendi mbali chini ya digrii 20. Hata Lushoto, kwa baridi yake yote, hawafikii majuma 12 ya namna ile.

Niliumia, kwa maana niliyapenda maua yale. Lakini nikakaa barazani nikafikiri kama bibi shamba. Kule tunguu linalala kwa sababu ya baridi, likaamshwa na joto. Je, huku hakuna kitu kinacholala? Huku hakuna majira magumu? Yapo! Wavuvi wetu wanayajua kwa majina ya upepo. Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi, kavu, majani yanasinyaa, visima vinashuka. Kisha upepo unageuka, na kabla ya kusi kushika sawasawa masika yanapiga: Machi ya mwisho, Aprili, Mei. Na yapo maua yaliyoumbwa kwa kalenda hiyo hiyo. Yanalala kwa ukame, yanaamshwa na maji. Machipuko ya Tanga ni masika.

Tangu siku ile sikumwomba kijana tulipu tena.

Amarilisi ndiyo ninayotaka kila nyumba ianze nayo. Kwao ni Amerika ya Kusini, lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu jembe amelishika zamani. Kuna nyumba za Ngamiani zinazo amarilisi zilizopandwa na bibi wa mwenye nyumba. Chagua tunguu la kujaza ngumi, gumu, lisilobonyea. Usilizike lote. Lisimame nusu ndani ya udongo na nusu nje, mabega na shingo vionekane. Ukilifukia kabisa maji yatatuama shingoni na litaoza. Kati ya tunguu na tunguu acha urefu wa mguu mmoja, nikisema mguu nina maana ya unyayo. Lipate jua la asubuhi, na la mchana likingiwe kidogo na ukuta au mti.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoliua ua kwa usafi. Amarilisi ikimaliza kuchanua, maua yakanyauka, majani marefu yanaenea na kulala chini, na mtu anayeona uwanja unachafuka anachukua panga. Usikate! Majani hayo ndiyo jiko. Yanapika chakula cha mwaka ujao na kukishusha kwenye tunguu. Na kuna hesabu yake: kwa kila majani manne linayotoa, tunguu huumba bua moja la maua ndani. Majani manane, mabua mawili. Ukikata majani mwezi wa sita umekata maua ya Aprili ijayo, halafu utakuja kuniambia bibi shamba tunguu lako ni tasa. Kata bua lililonyauka tu. Majani yaache hadi yaning'inie manjano yenyewe.

Halafu mwanzoni mwa Januari, acha kumwagilia. Najua ni vigumu, mkono unawasha kumwagilia mmea unaokauka. Mwache alale. Asipolala hachanui, au huchanua ovyo, bua moja la kulegea. Mwezi huu wa pili ukimalizika, mwekee kiganja cha samadi ya mbuzi iliyokaa miezi sita, si mbichi, kisha ngoja mvua.

Ana adui mmoja wa kumjua. Ni kiwavi mweusi mwenye madoa meupe na ya manjano, huja kwa makundi. Huanza kwenye jani, akaingia ndani ya jani lenyewe kama anayevaa kanzu, akashuka hadi kwenye tunguu. Kwa siku chache anamaliza kila kitu. Kagua majani asubuhi, upande wa chini. Ukimwona mdogo mtoe kwa mkono. Wakiwa wengi, ponda majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ya kufulia ishike, nyunyizia jioni. Mtihani mwingine ni konokono wetu wakubwa wa masika. Dawa yao ni taa na ndoo, saa mbili ya usiku, na watoto wanaifanya kazi hiyo kwa furaha kuliko hesabu za mwalimu.

Wa pili ni yule ninayemwita ua la mvua. Tunguu lake ni dogo kama karanga kubwa, majani kama nyasi, na kiangazi hutamjua kuwa yupo. Mvua nzito ikipiga, siku tatu, nne au tano baadaye, usiku mmoja yanasimama yote pamoja, ya waridi au meupe, kama watoto wa madrasa wanaotoka kwa mpigo. Ua moja halikai zaidi ya siku mbili. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Hili ndilo ua lake. Lakini tunguu haliondoki, na vuli ikija mwezi wa kumi au wa kumi na moja laweza kurudi tena. Yafukie vidole viwili chini, mengi pamoja, kando ya njia itokayo getini. Moja moja hayapendezi. Panda 30 mahali pamoja.

Wa tatu ni kwa ajili ya pua. Tuberozi. Ua jeupe, linachanua juu ya fimbo ndefu kuanzia chini kwenda juu, na harufu yake huongezeka giza likiingia. India wanalitungia mashada ya harusi, na jina lake kule maana yake ni harufu ya usiku. Anayejua kutunga kikuba atanielewa nikisema kwamba tuberozi mbili zikiwekwa pamoja na asumini, chumba hakihitaji udi.

Na lina habari inayotuhusu sisi wa Tanga kuliko mtu yeyote. Kwao ni Meksiko. Na wataalamu wa mimea, baada ya kuchunguza nasaba yake, katika miaka ya karibuni wameliingiza kwenye ukoo wa mkonge. Ndiyo, mkonge huu huu! Ni ndugu. Wazee hapa mnaijua habari ya mkonge: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida, asili yake Meksiko, na baada ya safari ndefu vilivyofika hapa vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, Pangani. Toka kwenye hivyo 62 likatoka zao lililojenga mji huu na kuvunja migongo ya babu zetu waliokata majani ya mkonge. Mimi nikiinusa tuberozi usiku huwaza kwamba yule ndugu mwenye miiba alitufikia kwa amri na kwa jasho, na huyu mwenye harufu tunamkaribisha kwa hiari yetu, mlangoni.

Fukia tunguu lake urefu wa kidole, lipe jua kamili. Tunguu likishachanua halichanui tena, lakini linaacha watoto pembeni. Watenganishe, wapande, wasubiri mwaka mmoja au zaidi wanenepe.

Wenzetu wa Sahare na Raskazone, nyinyi upepo wa bahari unaoleta chumvi unawachomea mimea. Tafuteni lile yungiyungi jeupe lenye vidole virefu vyembamba kama miguu ya buibui, lenye majani mapana ya kung'aa. Kwao ni pwani, halijali chumvi wala mchanga wa matumbawe, na halilali sana. Kana na gladiolasi mnazijua, sitazieleza, isipokuwa niseme hili: gladiolasi za rangirangi zinazouzwa Ulaya, mmoja wa wazazi wake ni ua la porini la Afrika linaloota hata hapa Tanzania. Walilichukua, wakalizalisha, wakaturudishia kwa bei.

Na hapo ndipo moyo wangu unapogota. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota kimea kidogo chenye maua ya zambarau na majani ya mahameli, kwenye mawe ya chokaa na misitu ya Usambara huku huku kwetu. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akakipa jina la familia ile, Saintpaulia. Leo kimo kwenye madirisha ya mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani. Si ua la tunguu, na halifai uwanja wa jua, linataka kivuli na unyevu. Nimelitaja kwa sababu nyingine. Mtoto wa Tanga anayeweza kulitambua yuko wapi? Na ukilikuta msituni Amani, kule Usambara, wanangu, usiling'oe. Huko porini limebaki kwenye mapande machache ya mawe tu.

Maua yetu wenyewe ya tunguu yapo pia. Kuna moja huota vichakani, kwenye kivuli, na mvua za kwanza zikinyesha hutoa kichwa kimoja chekundu cha mviringo, kama mpira wa kuchezea, kimejaa vijiua vyembamba hata 200. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Ukiwa na mwembe mbele ya nyumba, chini yake ndipo pake. Na kuna lile la kiazi, linalopanda uzio kwa ncha za majani yake, petali zimegeuka juu kama ndimi za moto, nyekundu na manjano. Hilo ni Gloriosa superba. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa.

Nilisema neno ua lina maana mbili. Lina ya tatu, nanyi mnaijua: ua ni kuondoa roho. Gloriosa inaua. Ina sumu iitwayo kolchisini mwili mzima, na zaidi kwenye kiazi chake. Hospitalini kolchisini hutolewa kwa kipimo kidogo sana kutibu jongo, lakini kipande cha kiazi kile kikiliwa, mtu hutapika, huharisha na viungo vya ndani hushindwa. Scadoxus ni sumu. Amarilisi, ua la mvua na yungiyungi jeupe nayo matunguu yake yana sumu, ya kutapisha na kuumiza tumbo, na mbuzi wakiyala wanadhurika. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto anayetambaa isipande Gloriosa kabisa. Mimi niliing'oa wajukuu walipozaliwa. Tunguu lolote la ua lisiingie jikoni, hata kwa dakika moja. Linafanana na kitunguu, na usiku umeme umekatika mkono hauoni tofauti. Weka stoo, juu, ndani ya mfuko wa khaki ulioandikwa kwa herufi kubwa. Na ukishashika matunguu nawa mikono.

Kuna mzee mmoja aliniuliza wiki iliyopita: bibi shamba, ua litanilisha? Nilimheshimu kwa swali lake, kwa sababu ni swali nililolibeba mwenyewe miaka 31. Nikamjibu hivi: baba, mchicha ubaki uani, mlonge ubaki uani, sikuambii ung'oe hata shina moja. Mimi nauomba ule mchanga wa mbele ambao leo haukupi kitu. Tunguu haliombi maji wakati wa shida ya maji. Haliombi mbolea ya duka. Ukilinunua mara moja linazaa watoto, na baada ya miaka mitatu unampa jirani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ua la mvua litakubali kuota kando ya kaburi la mkewe. Nikamwambia litakubali.

Anayeanza wiki hii afanye hivi. Achimbe kipande cha mita moja kwa mbili, si zaidi, kando ya ukuta. Achimbe kina cha mkono hadi kiwiko. Kama maji hutuama hapo, achanganye mchanga na makumbi ya nazi yaliyooza, na kipande akiinue kidogo kuliko usawa wa uwanja; tunguu linavumilia njaa na kiu lakini halivumilii kukaa majini. Apange mawe pembeni. Apande kabla ya katikati ya Machi, asimwagilie, angoje.

Nimekuja na mapakacha matatu. Ni watoto wa matunguu ya mama yangu, pamoja na niliyoyazalisha mwenyewe. La kwanza lina amarilisi, tunguu mbili kwa kila nyumba. La pili tuberozi, tatu kwa nyumba. La tatu ni la maua ya mvua, hayo mtachota kwa kiganja. Mwenyekiti ana daftari, ataandika nyumba na idadi, na mwezi wa tano nitapita kwa miguu mtaa mzima kuangalia, na atakayekutwa na kiwavi nitakaa naye tumtoe pamoja. Amarilisi shikeni kwa kitako, msiibebe kwa shingo, shingo ikivunjika ua la mwaka huu limekwenda. Watoto waanze, wazee msiinuke, mtaletewa hapo mlipo.